Namba Aliyoiruka Bipin

Mithilesh hakuwa mwendawazimu, hilo tulijue mapema. Pale mtaa wa Musallahpur, mjini Patna, ambako vijana wa jimbo la Bihar wanajazana kwenye vyumba vya kupanga wakisomea mitihani ya kazi za benki na serikali, yeye ndiye aliyeendewa na kila aliyekwama kwenye mfuatano wa namba. Unamtajia namba zilizopangana, moja imeachwa wazi, naye anakutajia iliyokosekana huku anamenya vitunguu. Lakini mfuatano mmoja ulimshinda, na huo alikuwa akisomewa na marehemu.

Marehemu ni Bipin, aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Mitihani ile watu huingia kwa zamu, na desturi ya pale ni kwamba anayetoka zamu ya asubuhi huwasomea wenzake maswali aliyoyabeba kichwani. Kwa kubeba, hapakuwa na wa kumfikia Bipin. Mtaa mzima ulimwamini kuliko karatasi. Siku hiyo alitoka kwenye mtihani, akafungasha begi aende kwao kwa sikukuu ya Chhath, na akiwa mlangoni akamtupia mwenzake: "Saba, nane, hamsini na saba, mia mbili thelathini na mbili. Inayofuata ni ngapi? Ukishindwa nitakwambia nikirudi, mjinga wewe." Gari alilopanda lilipinduka njiani, akafa papo hapo.

Tangu hapo ikawa inarudi sauti yake. Ilimjia Mithilesh akiosha dengu, ikamjia akifunga kamba za viatu, na mbaya zaidi ilimjia ndani ya chumba cha mtihani, kila alipofika kwenye maswali ya mfuatano. Saba, nane, hamsini na saba. Namba za mbele yake zinavurugika, dakika zinayoyoma, anafeli. Miaka ikaenda hivyo mpaka umri wa kuruhusiwa kufanya mtihani ukawa unamwishia. Umebaki mtihani mmoja tu, na akianguka huo ni kurudi kijijini kulima kwa kaka zake wasiomtaka.

Habari za sauti hiyo alimwambia mtu mmoja tu, Kaushalya, mama yake Bipin. Kila Chhath alikwenda kumwamkia, na mama yule, kabla hata ya kumkaribisha maji, alimwuliza polepole kama mwanawe bado anaita. Akiambiwa anaita, uso unamkunjuka, anamfungia thekua za kubeba, vile vitamu vya ngano vya sikukuu. Hakuwa na habari nyingine za mtoto wake ila hizo. Mithilesh alimpenda mama yule, na alimwogopa.

Mtihani wa mwisho ukiwa umekaribia, Kumud, mwalimu wa hesabu wa pale mtaani, dada mwenye ulimi mkali aliyefanya mtihani zamu moja na Bipin, alimkuta kwenye banda la chai akinong'ona. Akataka kujua kuna nini. Alipotajiwa zile namba akacheka.

"Umeruka kumi na nane, bwana wee. Saba mara moja jumlisha moja, nane. Nane mara mbili jumlisha mbili, kumi na nane. Twende hivyo hivyo. Si umechezewa tu?"

Mithilesh akapiga hesabu kichwani. Kumi na nane, hamsini na saba, mia mbili thelathini na mbili, elfu moja mia moja sitini na tano. Zikakaa sawasawa. Alikasirika hata akaondoka bila kuinywa chai yake. Bipin asiyesahau alikuwa amesahau, kwa pupa ya kwenda kwao, na yeye miaka yote alihangaika na namba ya mwisho, kumbe iliyopotea ni ya katikati.

Ungedhani sauti ingenyamaza. Thubutu! Kesho yake ilikuja vile vile, ikaruka pale pale, na Mithilesh hakuisahihisha. Alihisi akiisahihisha ataizima, na akiizima atakuwa amemzika rafiki yake mara ya pili, kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya mtihani sauti ikamjia kwenye swali la kwanza la mfuatano. Aliwaza mashamba ya kaka zake, akawaza uso wa yule mama. Kisha akasema chini kwa chini, "Kumi na nane, Bipin. Uliisahau."

Msimamizi alimgeukia. Kichwani mwa Mithilesh kukawa kimya, kama nyumba iliyohamwa. Alijibu maswali yote yaliyobaki huku machozi yanamdondokea kwenye vidole.

Alifaulu. Wenzake wa mtaani wakamlisha laddu, vile vitamu vya mviringo vya kupongezana, mpaka zikamkinai. Ilipofika Chhath alikwenda kwa Kaushalya, na njia nzima alikuwa akiupanga uongo wake. Mama alimpokea mlangoni, amefunga saumu, mikono ina unga, asimguse kwa kuwa chakula cha ibada hakichezewi.

"Bado anaita, mwanangu?"

"Anaita, mama. Anasema hongera."

Kaushalya alimtazama. Mwanawe alikuwa mtu wa kutania watu tu, na neno hongera halikuwahi kumtoka kinywani.

"Kumbe na wewe kakuacha," alisema, akampisha aingie.