Saa Nane Kutoka Bujumbura Mpaka Brussels

Nianze na ujinga wangu, kabla majirani hawajanitangulia kuusimulia. Niliiuliza simu: kutoka uwanja wa ndege wa Bujumbura mpaka wa Brussels ni mbali kiasi gani? Ikajibu kilomita elfu sita na kitu, saa nane angani. Nikaiamini. Tiketi yenyewe nikaifungia kwenye valizi yangu ndogo ya mkononi bila kuisoma.

Mimi hata Kamenge, mtaa wa jirani, naiona mbali. Kilichoniondoa mtaani kwangu Ngagara ni Diane, binti wa marehemu kaka yangu, aliyekuwa anatolewa mahari kule Brussels, Jumamosi jioni. Kwetu, anayekaa mahali pa baba asiposema neno la kumkubali mkwe, hakuna chupa inayofunguliwa. Neno hilo lilikuwa langu. Nililifanyia mazoezi kwa sauti mpaka mtaa mzima ukalijua kwa kichwa.

Jumamosi asubuhi, uwanjani. Nilimpigia Diane kwa madaha: naondoka saa nne, saa kumi na mbili niko mezani, bia ziwe baridi.

Mchana, Addis Ababa. Ndege ilipotua nilivaa koti zito nililonunua kwa ajili ya Ulaya, nikajipongeza kwa kufika mapema. Dada wa mapokezi aliniomba tiketi, akaisoma, akanitazama kwa huruma. Ndege ya pili ilikuwa ya usiku. Brussels ni Jumapili asubuhi. Simu ilikuwa imepima mstari ulionyooka, na ndege zangu hazikuufuata.

Usiku, bado Addis. Diane akapiga. Wakwe walikuwa wameketi tangu jioni wakizitazama kreti za bia, na babu wa bwana harusi alikuwa ameanza kuuliza kama ukoo wetu umemkataa mtoto wao.

"Baba mudogo, we uko wapi?"

"Mi niko njiani."

"Babu amesimama, anatafuta kofia yake. Sema neno hapo hapo, naweka simu kwa sauti."

Basi nikasimama kati ya duka la manukato na choo, jasho likinitiririka ndani ya koti, nikamtoa binti wa kaka yangu. Nilimtaja marehemu kwanza. Nilipofika kwenye "tumewapa", nikasikia chupa zikifunguliwa, kisha vigelegele, kisha simu ikakatwa. Hakuna aliyekumbuka kuniaga.

Jumapili, Brussels. Diane alinikumbatia akilia na kucheka. Nikapewa ndagala baridi, dagaa wa ziwa letu, na nafasi ya kulala kando ya kreti tupu.

Wiki iliyofuata, Ngagara. Nilijifunza kwamba safari husomwa kwenye tiketi. Nikamweleza hivyo jirani yangu Mama Keza, anayeuza makaa mlangoni pake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Apana, jirani. Kama neno ulilisemea mu simu, ungekaa hapa kwa kiti yako, useme, na sisi tungekunywa."