Kipimo Changu Kilipopigwa Mnada Kanisani

Aibu yangu imeshafika hadi Manyatta, mahali sina hata shangazi, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, kwa hivyo leo naisema mwenyewe, mcheke mara moja tumalizane.

Mnajua kwetu, ndani ndani huku kupita Ishiara, kupimwa kansa ya mlango wa kizazi si jambo la kuamka tu na kwenda. Mwenzako wa Embu mjini anapimwa akitoka sokoni, wewe unafunga safari ya siku nzima, halafu unafika na kuambiwa anayepima yuko semina. Dada yangu aliahirisha safari hiyo mpaka alipoenda akiwa amebebwa, na tulimzika kabla ya mvua. Kwa hivyo Marigu, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alipotuletea vichupa vyenye kijiti ambacho mama anajipima nacho mwenyewe nyumbani, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alituambia nesi atapita na gari Jumapili kuvichukua, ibada ikiisha anaondoka, na kurudi kwake hakujulikani.

Sasa Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno. Asubuhi nikajipima (mlango nimeuegemeza kiti, na mume wangu, Baba Wanja, yuko nje anauliza kama chai imeiva), kisha nikaona haya kubeba kichupa hivyo hivyo, maana mtu akiniuliza ni nini nitasemaje? Nikachukua karatasi ya zawadi iliyobaki kwa harusi ya binti yetu, ile ya kung'aa, nikakifunga na utepe juu. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikakitia ndani ya kiondo pamoja na ndengu zangu za sadaka, nikasema nitampa Marigu mlangoni.

Marigu akachelewa. Kwaya ikaanza, watu wakapanga laini kupeleka mavuno mbele, na mimi wimbo ukinishika huwa sijijui, nikaenda nikicheza na kiondo changu, nikakitua pale mbele na kurudi mikono mitupu, nimefurahi kabisa.

Kwetu mavuno hupigwa mnada hapo hapo kanisani mahubiri yakiisha, na dalali wetu ni Mzee Ireri, ambaye akipewa maikrofoni haitoi tena. Akauza jogoo, akauza mkungu wa ndizi, halafu nikaona ameinua kitu kinachong'aa. Kilikuwa kichupa changu.

"Aliyefunga hivi anampenda Mungu," akasema. "Nani ataanza?"

Aliyeanza alikuwa Baba Wanja. Mume wangu, ambaye hajawahi kuninunulia hata kitambaa cha kichwa, eti leo ndiyo siku ya kunishangaza! Nikamvuta koti, akadhani namtia moyo, akapandisha. Upande wa pili Mwalimu Njiru, aliyeketi na mkewe Mama Munene, akakataa kushindwa mbele ya wanafunzi wake, wakapandishana huku watu wakipiga makofi mpaka mwalimu akashinda. Nikapumua, nikapanga kumfuata Mama Munene nje nimnong'oneze. Lakini Mzee Ireri akasema hawezi kuuza kitu ambacho watu hawajakiona, ni lazima kifunguliwe, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye utepe.

Nikawaza vile kitashikwashikwa, kitaanguka, kitatupwa, na gari la nesi litaondoka. Nikamkumbuka dada yangu. Niliogopa kuliko nilivyoona haya, nikajikuta nimesimama.

"Mzee, usifungue," nikasema, na kanisa zima likageuka. "Hayo si mavuno. Ni kipimo changu cha kansa, ya huku chini, na nesi anakingoja."

Mzee Ireri alikiweka mezani kama mtu aliyeshika kaa la moto. Baba Wanja aliinama chini ya benchi kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa simenti.

Ndipo Mama Munene aliposimama. "Mimi mbona sikuambiwa kuna kitu kama hicho?" akauliza, na kabla hajajibiwa, nyanya mmoja kule nyuma akauliza kwa Kimbeere kama wa umri wake pia wanapimwa. Marigu, aliyekuwa ndiyo anaingia, alijikuta amepewa maikrofoni na kufundisha kansa kanisani (mchungaji akitazama dari muda wote). Nesi alipoitwa akasema amebaki na vichupa vinne tu. Vinne, na akina mama waliokuwa wamesimama walijaa mpaka mlangoni. Kimoja alipewa Mama Munene, kwa sababu watu walisema mumewe ameshakilipia.

Changu kilirudi safi, Mungu ni mwema. Cha Mama Munene hakikurudi safi. Aliitwa Embu, akatibiwa kabla haijawa kansa, na juzi nimempita shambani akipalilia na kunitania kwamba niliuzwa bei nzuri.

Nimeapa sitanong'ona tena mambo ya mwili wangu. Wale waliokosa bado wananiuliza nesi atarudi lini, kwa hivyo kila baraza la chifu nasimama nauliza vichupa viko wapi. Watu huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nawaacha wacheke wamalize, halafu nauliza.