Nilichokiacha Kwenye Hekalu la Warumi
Safari ilikula dola elfu nne na likizo yangu yote. Mimi na mume wangu tulitoka mjini kwetu Katy hadi Italia, tukapanda mlima wenye magofu ya hekalu la Warumi. Ngazi nilizihesabu mara mbili. Mwongoza watalii alisema wanawake waliokosa watoto walimletea mungu wao sanamu za udongo za tumbo la uzazi.

“Na aliyeendelea kukosa, alirudishiwa udongo wake?” nikauliza.

Mume wangu, shemasi kanisani kwetu, akacheka. “Mke wangu, hata mawe unataka yakupunguzie bei?”

Alipogeuka kupiga picha, nilichomeka picha ya skani ya tumbo langu la uzazi kwenye ufa wa ukuta. Mimba nne zimeshatoka. Sasa kila Jumapili mkate wa Bwana unanikwama kooni. Naomba ushauri: nimwambie mume wangu nilichokiacha kule, au ninyamaze nisubiri mtoto?