Chombo Kisichorudi Kitupu

Nilipohamia katika makazi ya wazee hapa Guangzhou nilikuwa nimetimiza miaka hamsini na mitano majuma mawili tu kabla, na huo ndio umri wa chini kabisa ambao mwanamke hukubaliwa. Msimamizi, mwanamke ambaye ningeweza kumzaa, aliikagua pasipoti yangu, akanitazama usoni, akaikagua tena. Utaifa wangu haukumshughulisha. Alichoshuku ni tarehe ya kuzaliwa.

Watoto wangu walikuwa wamekwisha kurudi Dar es Salaam, mume wangu ametangulia mbele ya haki, nami nilitaka nyumba ndogo yenye utulivu wa kufanyia kazi yangu ya kutafsiri. Wafanyabiashara kutoka nyumbani Tanzania ninaowatafsiria katika maduka ya Zhanqian Road walinicheka. Mmoja wao alisema, "Dada, wenzio wanawapeleka wazazi wao huko, wewe umejipeleka mwenyewe?" Nilikuwa na hamu ya kuona uzee kabla haujanifikia, kama mtu anayekwenda kukagua chumba kabla ya kukipanga.

Makazi yenyewe ni majengo mawili yanayotazamana, na ua katikati. Jengo la mashariki ni la wanaojipikia na kujifulia. La magharibi ni la wanaotunzwa, na vyumba vyake havina jiko. Kati ya milango yao ni mwendo wa hatua chache, lakini sijamwona mtu aliyehamia magharibi kisha akarudi. Kila miezi mitatu msimamizi hupita mlango kwa mlango kuhakikisha kwamba kila mmoja yuko katika jengo linalomfaa.

Siku za mwanzo nilitazama tu. Mzee mmoja alikuwa akianika uani maganda ya chenza ambayo, alinieleza kwa uzito, yangekuwa tayari kutiwa katika supu baada ya miaka kumi na mitano. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka themanini na mitatu. Nilikwenda chumbani nikakaa muda mrefu nikiyafikiria maganda yale.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa bibi wa miaka themanini na mmoja, mshonaji wa kiwandani aliyestaafu zamani. Nilimwita Popo, kama mabibi wa makamo yake wanavyoitwa hapa kwa Kikantoni. Yeye akaniita Amui, yaani mdogo wake wa kike. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu yeyote aniite mdogo.

Juma la kwanza aliniletea supu ya mifupa ya nguruwe. Nilimweleza kwamba dini yangu hainiruhusu. Hakukasirika. Alilichukua bakuli lake, na baada ya siku mbili akarudi na supu ya samaki, iliyopikwa katika sufuria mpya aliyonivuta mkono nikaione: karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa kwenye mpini. Sufuria hiyo, alisema, haingeguswa na nguruwe kamwe. Siku iliyofuata nikalirudisha bakuli likiwa na sambusa, na alipojaribu kukataa nikamwambia kwamba kwetu chombo hakirudi kitupu. Alinisikiliza kwa umakini uleule alionisikiliza nao nilipozungumzia nguruwe.

Tangu hapo bakuli lile halikupumzika. Liliondoka kwangu na maandazi au biriani ya nyama ya halali niliyonunua mtaa wa Xiaobei. Likarudi na supu ya mung'unye, mayai ya mvuke, samaki na tangawizi. Nilistaajabu nguvu hizo alizitoa wapi. Nilimsimulia hata dada yangu kwa simu, nikijisifu kwamba nimepata ujirani kama wa Tanga.

Mwezi wangu wa nane pale, harufu ya kuungua ilijaa ukumbini. Msimamizi alifika kabla yangu. Sufuria isiyoguswa na nguruwe ilikuwa nyeusi tii, na Popo alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo, hajui kitu. Hakugombezwa. Lakini nilimsikia msimamizi akizungumza kwa simu na mtoto wa kiume wa Popo: likitokea tena, mama atahamia jengo la magharibi.

Baada ya siku kumi niliukuta mlango wake wazi, moto wa gesi ukiwaka chini ya sufuria kavu, na Popo mwenyewe yuko uani akianika shuka. Nilizima. Aliporudi aliuona mkono wangu juu ya jiko, akaelewa. Nilimuuliza kwa nini apike kila siku, na mimi sijamwomba.

"Sitaki kukutia dhambini," alisema.

Nilihitaji muda kufahamu. Nguruwe haliwi, chombo hakirudi kitupu: alikuwa amezipokea kama amri mbili za dini moja, na zote mbili amezitii. Nikamweleza, huku nikiona aibu, kwamba ile ya kwanza ni ya Mungu. Ya pili ni desturi tu ya mama yangu na majirani zake.

Alihesabu kwa vidole. "Miezi minane nakata tangawizi kwa ajili ya Mungu wako, kumbe ni kwa ajili ya majirani wa mama yako?"

"Ndiyo, Popo."

"Basi wasalimie. Waambie nimechoka."

Kisha akaniomba nisimwambie mtu kuhusu ule moto.

Ukaguzi ulikuwa siku tatu mbele. Msimamizi aliponiuliza, kama anavyomuuliza kila jirani, iwapo nimeona lolote, uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni. Lakini niliufikiria ukuta mwembamba kati ya vitanda vyetu, na wazee wote wanaolala ghorofa za juu yetu. Nikasema niliyoyaona. Nikasema pia kwamba alikuwa akinipikia mimi, kwa sababu ya neno langu, na nikaomba akatiwe gesi, abaki na chungu cha umeme kinachojizima chenyewe. Msimamizi aliitazama fomu yake kwa muda mrefu, kama aliyetafuta mahali pa kuandika jambo hilo. Akampigia simu mtoto wa Popo. Ijumaa fundi alikuja, akalikata bomba. Popo alibaki jengo la mashariki, walau mpaka ukaguzi unaofuata.

Hakunisalimu kwa siku tisa. Uani aliwaambia wenzake, akijua nasikia, kwamba mdomo wa Amui umezeeka kumpita mwenyewe.

Siku ya kumi alibisha, akaingia kabla sijamkaribisha, samaki mkono mmoja na tangawizi mkono mwingine. Aliketi kwenye kiti karibu na jiko langu, akanielekeza kisu kilipo, kana kwamba jikoni ni kwake. Nilianza kukata.

"Nyembamba," alisema. "Hivyo ni vya kulisha farasi."

Nikakata nyembamba zaidi. Nilipowasha gesi, aliinama akautazama mwali kwa jicho moja, kama mshonaji anayetunga uzi.

"Punguza moto."

Nikapunguza.