Kanga ya Jalala

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka hata nikiwa kwenye sala, na nikiikumbuka hujikuta nimeinamisha uso. Nilikuwa kijana, nauza kanga katika duka moja hapa Kariakoo. Darasa la nne sikulimaliza, lakini nilikuwa nikiwasikiliza malenga redioni, nikaokota maneno yao: sitiari, tashbihi, methali. Nikayavaa kama koti la kuazima. Wateja wakicheka, nami navimba. Debe tupu haliachi kuvuma.

Akaja binti mmoja, Ndeshi, Mchaga, ameolewa Buguruni hata mwezi haujaisha. Alitaka doti ya kumpa mama mkwe wake mbele ya wanawake wa mtaa watakaokuja kumtazama bibi harusi. Nawe wajua mila yetu: kanga ya zawadi husomwa jina lake kwanza, ndipo hutazamwa maua. Siku hizi mnanunua ya kufanana na rangi ya kucha. Haya, hayo niyaache.

"Kaka, nichagulie wewe," akasema. "Kiswahili cha kanga kinanipiga chenga."

Nikamtandazia moja ya samawati, imeandikwa: *Mkubwa ni jalala.*

Akasita. "Jalala si pale wanapotupa taka?"

"Ah, dada! Hiyo sitiari. Tena ni methali, na methali haijawahi kumtukana mtu."

"Sitiari ndiyo nini?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipotakiwa kusema sijui. "Maneno ya kupamba tu," nikamjibu. "Kama hina."

Akacheka, akaichukua.

Haukupita muda, Bi Pili, mama mkwe mwenyewe, akaingia dukani na doti ile kaikunja kwapani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba kwa sauti ya chini. Heri angenitukana.

"Mkwe wangu kasema wewe ndiye mwalimu wake. Nifundishe na mimi. Sitiari ni nini?"

Nikaanza kupanga upya doti zilizokwisha pangwa. Tajiri wangu akaacha kukunja vitambaa, akanitazama.

"Basi sikiliza, baba. Ukisema mtu ni kama jalala, hiyo tashbihi. Ile 'kama' inamwachia pa kupumulia. Sitiari haimwachii. Inamwambia yeye ndiye jalala. Na methali hiyo mkubwa hujisemea mwenyewe, anapomeza machungu ya wadogo. Mdogo akimtupia mkubwa, kimeshakuwa kijembe. Maneno yale yale, lakini kinywa sicho."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimeshasamehe, na mtoto wa watu nimemkumbatia. Lakini wanawake waliisoma, wakaangua kicheko, na hawajanyamaza mpaka leo. Njoo Jumapili uwaambie ni wewe."

Nikaitikia. Jumapili ikafika, nikajifungia chumbani, nikajisingizia homa. Niliogopa kuchekwa. Kicheko changu akakibeba Ndeshi.

Mwaka huu, mvua zilipojaza maji Jangwani, nilizungukia Buguruni, nikapita sokoni. Muuza vitunguu akapaza sauti: "Mama Jalala! Leo unanipita?" Akageuka bibi mmoja wa mvi. Ndeshi. Jina lilimganda tangu siku ile, mpaka wanaomwita hawajui lilikotoka. Hakunitambua. Aliona mzee tu, akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo." Nikaitika marahaba, mwanangu. Nikaitika, nikapita.

Usingizi umenikataa tangu hapo. Bi Pili ametangulia mbele ya haki, lakini Ndeshi yupo, na soko lipo. Kesho asubuhi nakwenda, nitasimama pale pale kwenye vitunguu nilitaje kosa langu watu wasikie. Wakicheka, wacheke, zamu yangu ilichelewa.

Nawe shika haya. Tashbihi hufananisha kwa "kama". Sitiari huondoa "kama", ikakiita kitu kwa jina la kingine. Methali ni hekima ya wote, kijembe kina mtu wake kinayemchoma. Ukiulizwa neno usilolijua, sema "sijui", maana kuuliza si ujinga, na kukiri hujui hakujaua mtu. Ukikosea hadharani, usiombe radhi chooni.

Mola akupe ulimi unaojua mpaka wake, mwanangu, na akupe miguu ya kwenda Jumapili ile ile uliyoitwa.