Mabata Bukini wa Ziwa Jipe

Wenzangu tuliokuwa watoto miaka ya hamsini kule Mata, nyinyi ndio mtanielewa. Hawa wa siku hizi nikiwaambia tulijua mvua kwa kutazama bata, wanachekea ndani ya simu zao. Wacheke tu. Meno ni yao.

Mnakumbuka kiangazi kilivyokaza, vidimbwi vyote vya nyikani vikakauka, na mabata bukini wakahamia kwetu Ziwa Jipe, makundi kwa makundi? Si hawa bata wa kufugwa wanaotembea kama mtu aliyebanwa na viatu. Wale walikuwa wakubwa, wa porini, wenye kelele za kukera, na wakitua kwenye maharagwe uliyomwagilia leo, kesho huna maharagwe. Kazi ya kuwafukuza ilikuwa yetu watoto. Alfajiri tulipiga madebe matupu hadi masikio yakaziba, kisha mbio shuleni na tope la ziwa limetuganda magotini, na mwalimu anatungoja mlangoni na kiboko. Jioni ni kimanga cha moto, ule mseto wetu wa ndizi na maharagwe, na samaki wa Jipe, usingizi unakukuta na tonge mkononi. Kijana wa leo ukimtuma chumvi duka la pale tu, anauliza nauli ya bodaboda iko wapi.

Basi vuli ikikaribia, siku moja mabata wote waliinuka na kwenda zao. Walifuata maji mapya. Mvua ikianguka mbali huko nyikani, vidimbwi vinajaa, nao wanaliacha ziwa wakatage huko. Watu wa kwetu walilijua hilo vizuri, kwa hiyo mabata wakiondoka hakuna aliyengoja tone. Walipanda palepale, kwenye vumbi kavu, ili mvua ikifika ikute mbegu tayari iko chini. Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kila mwaka, na majirani walimtazama yeye kabla ya kushika majembe.

Mwaka ninaousema, mavuno ya nyuma yalikuwa yametutupa. Baba alikuwa ameshatoa kauli yake jikoni, sote tukisikia: "Mama Wakesho, msimu huu mahindi yakikataa, mimi naenda kukata mkonge Voi." Mama alichochea moto. Wakesho ni mimi, kifungua mimba, na niliogopa kuliko wadogo zangu kwa sababu nilijua. Wanaume waliokwenda mkonge, wengine walirudi na blanketi jipya begani. Wengine hawakurudi, na wake zao tuliwaona kanisani wakikaa peke yao.

Asubuhi moja tukiwa na madebe yetu tukasikia mngurumo ng'ambo ya ziwa, upande wa milima ya Upare. Ukaja tena, na tena. Papo hapo mabata wakaruka wote, wakazunguka juu yetu wakipiga kelele, wakapotelea nyikani. Mama alipiga vigelegele. "Radi! Mmesikia radi?" Tuliruka ruka kama wendawazimu. Akateremsha mbegu zilizoning'inia juu ya moshi wa jikoni, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Desturi ilikuwa kubakiza kiasi, hata mambo yawe mazuri namna gani. Mwaka ule hakubakiza. Alitaka shamba kubwa, alitaka mume wake abaki nyumbani, na Baba naye alichimba mashimo siku nzima huku akiimba. Majirani walipomwona Mama anapanda mbegu zote, nao wakapanda zao zote.

Mvua haikuja. Mchwa wakala, kanga wakafukua. Kikaja kimanyunyu cha kudanganya, mbegu zilizosalia zikachipua, halafu jua likazichoma zote. Mimi nilikuwa nikiamka naangalia mawingu kabla sijanawa uso.

Kisha mvuvi mmoja akavuka kutoka upande wa Tanganyika kuja kuuza samaki, akasimulia jinsi wageni walivyopiga kambi kule siku zile tulipopanda, na bunduki zao, wakiwapiga mabata risasi kwa mchezo. Alikuwa akicheka. Hakujua anasema nini. Mama aliketi chini pale pale shambani.

"Nimewaua wanangu," akasema.

"Hujaua mtu," Baba akamwambia. "Hata mimi niliisikia ile radi."

Wallahi, sijawahi kusikia mume akimwambia mkewe neno zuri kuliko hilo, nami nimeishi sana. Kesho yake Baba alitembea hadi Taveta kupanda treni ya Voi.

Na mvua ilipokuja, ee Mungu wangu, ilikuja ya kuvunja miti, baada ya yeye kuondoka. Ardhi ikalewa maji na hatukuwa na punje ya kutia. Mama alizunguka kuomba mbegu, lakini aombe kwa nani? Wote walikuwa wamemfuata yeye. Tulikula majani ya porini bila chumvi. Salamu za Baba zilitufikia mara mbili kwa midomo ya watu, kisha kimya. Wengine wakasema amehamia Mombasa, wengine Tanga, wengine wakamwambia Mama maneno ambayo sitayaandika.

Kiangazi kilichofuata mabata walirudi. Nilichukua debe langu, nina hasira nao, nataka kulipiga hadi litoboke. Mama akaweka mkono wake juu ya debe.

"Waache washibe," akasema. "Hawa angalau wamerudi."

Leo ziwa limemezwa na matete, na mabata unaowaona ni wa kutafuta kwa macho. Mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu kwamba mvua itanyesha Alhamisi. Isiponyesha anasonya, anaagiza chipsi, maisha yanaendelea. Nafurahi kwa ajili yake, kweli nafurahi, ingawa huwa natamani kumzaba kofi. Sisi tulikosea mara moja tu, na nyumba haikuinuka tena. Mama alikufa akiwa bado anaitwa mke wa mtu. Mimi sasa ni mzee kuliko Baba alivyokuwa alipoondoka, na sijui alizikwa wapi, wala kama alizikwa.