Siku Tulipowabeba Washauri wa Mahakama

Nilianza kuwadharau watafiti wa haki nikiwa mmoja wao. Miaka ile ya soko huria wafadhili walitaka kujua kama mahakama zetu zinaboreka, nami nikapewa kazi ya kuuliza maswali kwa sababu najua Kisukuma. Tulianza na chama cha mawakili, Mwanza mjini, hotelini, mbele ya sinia za sambusa. Mawakili walitueleza kwa kirefu kasoro za mahakama za mwanzo, mahali ambapo sheria haikuwaruhusu hata kusimama kumtetea mtu. Bosi wetu, mtaalamu kutoka Dar es Salaam, aliandika kila neno.

Siku ya pili tukaenda Magu. Nje ya mahakama ya mwanzo alikaa mama mjane, kanga zake zimepigwa pasi. Nilipomwamkia alinieleza kwamba leo anasomewa hukumu. Shemeji yake aliyataka majaruba ya mpunga aliyoachiwa na mumewe, na mpunga ulishaiva. Hukumu isiposomwa, shemeji angeingia kuvuna.

Bosi hakumwamkia mtu. Alitaka wadau, basi akawapakia hakimu na wazee wawili washauri kwenye gari letu, hao, hadi ukumbi tuliokodi kwa mkutano. Hakimu wa mahakama ya mwanzo haketi bila washauri wake, na kila aliyekuwa pale nje alilijua hilo. Nilimwambia bosi. Akanijibu kwamba maoni ya wazee ni muhimu sana. Wazee wenyewe hawakubisha, walishaona kreti za soda. Mchana kutwa tulijadili swali moja: nini kinachelewesha kesi? Hakimu alilaumu uhaba wa karatasi, na bosi akatikisa kichwa kwa huruma. Huko mahakamani karani alikuwa ameshatangaza kwamba kesi zote zimeahirishwa.

Tulirudi Magu wiki kadhaa baadaye kumalizia mahojiano. Mama yule alikuwa anatoka mahakamani, na bosi akaniamuru nimhoji, eti naye ni mwananchi. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama ameridhika na huduma.

"Marahaba," akasema, kisha akaendelea kwa Kisukuma. "Nimeshinda leo. Majaruba ni yangu. Shemeji alishavuna yote, yamebaki mashina. Muulize huyo bosi wako, wanangu wale mashina?"

Nilimtafsiria bosi neno kwa neno. Akaandika: ameshinda, ameridhika.